Masaa kwenye logibuku hayatoshi, tupime mtetemo wa ndege zetu

Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 iliondoka Nairobi ikielekea Lusaka, ilikuwa imetoka London ikapitia Athens, na ikiwa inakaribia kutua kule Lusaka bawa dogo la mkia upande wa kulia liling'oka, pua ikainama, ndege ikaanguka kabla ifike uwanjani. Watu wote sita waliokuwemo walikufa. Metali ilikuwa imechoka. Ufa ulianzia kwenye tundu la kufungia juu ya boriti ya nyuma ya hilo bawa, ukakua polepole safari baada ya safari, na ndege ikaendelea kubeba mizigo mabara mawili na hakuna aliyeuona.

Naanza na hii ajali juu watu wengi hapa Nairobi hawajui hiyo ndege ilipita kwetu kabla ya kuanguka, lakini zaidi ni kwa sababu ya kile wachunguzi walikuja kugundua. Ndege ilikuwa na masaa 47,621 na ilikuwa imetua mara 16,723. Walipoweka vipimo wakaona ule mkia ulikuwa unapata mzigo mkubwa kuliko ule ulipigiwa hesabu, na mzigo wenyewe ulikuwa unakuja pale ndege imeshagusa ardhi na rubani amefungua zile breki za hewa juu ya mabawa, hewa inavurugika inapiga mkia. Alafu mkia wa 707 za aina hiyo ulikuwa umebadilishwa, ngozi ya juu iliwekwa chuma kisichoshika kutu ili uwe mgumu zaidi, lakini huo mkia mpya haukujaribiwa kivyake, ilichukuliwa kwamba unafanana vya kutosha na ule wa kwanza ambao ulishapita majaribio. Ndege zingine za aina hiyo zilipokaguliwa baadaye zikakutwa na nyufa pahali hapo hapo.

Kwa hivyo hesabu ya maisha ilikuwepo, ilipigwa na watu wenye akili, na kwa mzigo waliouweka ilikuwa sawa. Shida ni kwamba ndege haikuwa inabeba ule mzigo wa kwenye karatasi.

Hapa kwetu ndege ndogo ikipata shida swali la kwanza mtandaoni ni ilikuwa na miaka mingapi, na mtu ambaye amekaa karibu na mafundi kidogo atauliza ilikuwa na masaa mangapi, na mimi nasema hayo maswali yote mawili hayafiki kwenye mzizi. Miaka inakuambia kuhusu kutu. Masaa yanakuambia injini ilizunguka muda gani. Uchovu wa metali unataka kujua kitu kingine kabisa, ilitikiswa vipi, kwa nguvu gani na mara ngapi. Na hicho kitu kwa ndege nyingi ndogo zinazofanya kazi kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi hakuna anayekipima, tunakopa nambari iliyotengenezwa kwa matumizi ya pahali pengine na kutumaini inatutosha.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko ndege. August Wöhler, injinia wa reli wa Ujerumani, alianza kujaribu ekseli za mabehewa miaka ya 1850 manake zilikuwa zinakatika chini ya mzigo ambao zingeubeba bila wasiwasi ukiwekwa mara moja. Akaonyesha kwamba kinachomaliza chuma ni mkazo, ile nguvu inayokivuta na kukibana ndani, ukienda na kurudi, na kwamba ukipunguza huo mkazo kidogo tu maisha yanarefuka sana. Kwa chuma cha kawaida kuna kiwango ambacho ukikaa chini yake kipande kinadumu karibu bila mwisho. Alumini, ambayo ndio mwili wa ndege nyingi tunazopanda, haina hiyo bahati. Hata mkazo mdogo unahesabika ukirudiwa vya kutosha, na ndio maana majaribio mengi ya alumini kwenye maabara husimamishwa kwa mizunguko milioni 500, wanaona hapo wamefika mbali vya kutosha.

Milioni 500 inasikika kama nambari ambayo hakuna kitu kitawahi kuifikia mpaka uiweke kando ya propela. Chukua Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja ambayo ukikaa kwa jam Lang'ata Road utaiona ikipanda kuelekea Maasai Mara. Propela yake ya kawaida ina blade tatu na kikomo chake ni mizunguko 1,900 kwa dakika. Gawanya kwa 60, zidisha kwa tatu, unapata mapigo 95 kila sekunde, yaani kila blade ikipita inasukuma wimbi la hewa kwenye mwili wa ndege, na mtetemo unaingia mpaka kwa kila kitu kilichofungwa pale mbele. Kwa saa moja ni mapigo 342,000. Braketi ndogo ya kushika bomba la mafuta, ikiwa inatikisika na hayo mapigo, inafika milioni 500 ndani ya masaa kama 1,460, na ndege ya kazi inayopiga masaa mia saba au mia nane kwa mwaka inafika hapo kwa miaka miwili hivi. Linganisha na ile 737 ya Aloha Airlines iliyopasuka paa angani kule Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, mwili wake ulikuwa umejazwa hewa na kuachiliwa mara 89,680, mara moja kwa kila safari, na dunia nzima ilishangaa kwamba ndege moja inaweza kufikisha safari nyingi hivo. Mtetemo unapita idadi hiyo kabla ya nusu saa kuisha.

Sasa hapo ndio kazi ya kutabiri inakuwa ngumu, na ningependa tukae hapo kidogo.

Kila kipande kina frikwensi yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo kinatetema nayo ukikigonga ukakiacha. Rubani akishusha propela hadi mizunguko 1,750 kwa dakika, mapigo yanakuwa 87.5 kwa sekunde, na kama braketi yetu frikwensi yake ya asili iko hapo kwa 88 basi mtetemo mdogo unaoingia unakuzwa mara nyingi, hio ndio resonansi. Unakuzwa mara ngapi inategemea kipande kina uwezo gani wa kumeza nguvu ya mtetemo. Ukiweka kwenye hesabu kiwango cha kumeza cha asilimia 2, mkazo unakuzwa mara 25. Ukiweka asilimia 1 unakuzwa mara 50. Na hio tofauti kati ya 2 na 1 hakuna kitabu cha kukupa jibu, inategemea ribiti zimekaa vipi, kuna gundi au hakuna, bolti ilikazwa na nguvu gani, mpira wa kuzuia mtetemo umekauka au bado uko laini. Sasa kumbuka Wöhler. Kwa vipande vingi vya alumini mkazo ukipanda maisha yanashuka kwa kipeo cha 5, cha 6, wakati mwingine zaidi. Tuchukue 6. Mkazo ukiwa mara mbili ya ule uliodhani, maisha yanagawanywa kwa 64, yaani 2 sita zikizidishwa pamoja. Kipande ambacho kompyuta ilisema kitafika masaa 6,400 kinakatika kikiwa na 100. Simulesheni ilikuwa nzuri, michoro ilikuwa na rangi zote, injinia hakufanya uzembe wowote, ni asilimia moja tu kwa kitu ambacho hakikupimwa.

Huo ni mtetemo wa frikwensi moja. Kwenye kiwanja cha murram, ule udongo wa changarawe usio na lami, mambo ni tofauti, mtetemo unakuja bila mpangilio, frikwensi nyingi kwa wakati mmoja, na hapo lazima uongee lugha ya takwimu. Njia ya haraka ambayo mainjinia wanatumia ni ile ya Steinberg, inagawa mikazo kwa makundi matatu: asilimia 68.3 ya mizunguko unaihesabu kwa kiwango cha kawaida, asilimia 27.1 kwa mara mbili ya kiwango hicho, na asilimia 4.33 kwa mara tatu. Ukiangalia haraka utasema hayo ya mwisho ni machache, tuyaache. Lakini piga hesabu na kile kipeo chetu cha 6. Kundi la kwanza linachangia 0.683. La pili linachangia 64 mara 0.271, ni kama 17.3. La tatu linachangia 729 mara 0.0433, ni kama 31.6. Yaani ile asilimia 4 inabeba karibu asilimia 64 ya uharibifu wote, na ile asilimia 68 ya mizunguko ya kawaida, ile inayojaza muda mwingi wa ndege, inabeba kama asilimia 1.4 peke yake.

Mimi hii hesabu naiona kama kitu ambacho kila mtu anayesimamia ndege ndogo Kenya angepaswa kuwa nayo ukutani. Inamaanisha ukipima wastani wa safari umepima karibu bure. Maisha ya kipande yanaamuliwa na zile sekunde chache mbaya, gurudumu kuingia kwa shimo lililochimbwa na mvua, rubani kukanyaga breki kwa nguvu juu pundamilia ameingia kiwanjani, ndege kupita kwenye hewa inayopanda saa nane mchana juu ya Bonde la Ufa. Na sisi tuna hizo sekunde nyingi. Ndege ya safari za Mara ikitoka Wilson asubuhi inaweza kutua viwanja viwili, vitatu, vinne vya murram na nyasi kabla irudi, kati ya kimoja na kingine ni dakika chache tu, kwa hivyo saa moja ya logibuku yake, lile daftari la kumbukumbu za ndege, imebeba kutua na kuruka kwingi kuliko saa moja ya ndege inayobeba barua kati ya miji miwili yenye lami nzuri. Tena tuko juu. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata rubani akifuata spidi ile ile kwenye geji, magurudumu yanagusa ardhi kwa spidi ya kweli iliyozidi ya pwani kwa karibu asilimia 10. Ni kama matatu mbili za mwaka mmoja, moja imekuwa ikipiga highway na ingine barabara ya mawe, hakuna mnunuzi wa Nairobi ataangalia kilomita peke yake na kusema ziko sawa.

Kuna watu wameshafikiria hivi rasmi na nataka niwaonyeshe kwa nambari. Tarehe 4 Aprili 2018 ndege ya mafunzo aina ya Piper PA-28R ilipoteza bawa la kushoto ikiwa ndio imeruka kule Daytona Beach, Florida, watu wawili wakafa. Ilikuwa na masaa 7,690. Ufa wa uchovu ulikuwa kwenye boriti kuu ya bawa, pale chini kwenye tundu la bolti ambapo bawa linashikana na mwili. Mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa agizo la ukaguzi, na kile kilinivutia ni kwamba hawakusema tu ndege ikifika masaa fulani ikaguliwe. Waliangalia ni ukaguzi mangapi wa kila masaa 100 ndege imefanyiwa, manake huo ukaguzi unalazimishwa kwa ndege za mafunzo na za kukodisha, kwa hivyo ni alama ya kwamba ndege ilikuwa inafanyishwa kazi ngumu, wanafunzi wanatua kwa kishindo na kuruka tena mara nyingi kwa saa moja. Masaa yaliyokuwa chini ya huo ukaguzi yanahesabiwa yote. Masaa mengine yanagawanywa kwa 17. Ukifika 5,000 kwa hesabu hiyo unapimwa tundu la bolti kwa kifaa cha umeme kinachoona ufa ambao jicho halioni.

Weka ndege mbili kando, zote zina masaa 6,000. Ya kwanza imekuwa ya mafunzo maisha yake yote, imefanyiwa huo ukaguzi mara 60, hesabu yake ni 6,000 na inatakiwa kupimwa. Ya pili ni ya mtu binafsi anayeruka wikendi, haijawahi kufanyiwa hata mara moja, hesabu yake ni 6,000 gawanya kwa 17, ni 353. Nambari moja kwenye logibuku, na mamlaka yenyewe imekubali moja imechoka mara kumi na saba zaidi ya ingine. Ukaguzi wa masaa 100 kama kipimo cha mzigo si kitu kamili hata kidogo, lakini ndio rekodi pekee iliyokuwepo kwa hizo ndege, kwa hivyo waliitumia. Swali langu ni kwa nini sisi tungojee ajali ndio tutafute kitu cha kutumia.

Najua jibu ambalo nitapewa, kwamba siku hizi sheria haitegemei utabiri. Baada ya ile ajali ya Lusaka na zingine, mwaka 1978 Marekani ilibadilisha kanuni za ndege kubwa, ikawa lazima utengeneze ndege ukichukulia kwamba ufa upo tayari, alafu upange ukaguzi utakaouona kabla haujawa hatari. Ni wazo zuri sana na limeokoa watu wengi. Lakini ukaguzi unapangwa kila baada ya masaa mangapi? Hio nambari inatoka kwa hesabu ya ufa unavyokua, ile ya injinia Paul Paris ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa hio hesabu ufa unakula chakula kile kile, mkazo unaopanda na kushuka. Ukiwa na mzigo mbaya kwenye hesabu unakuwa na tarehe mbaya ya ukaguzi. Hujatoroka utabiri, umeuhamisha tu. Na ndege ndogo nyingi zilizoko Wilson zilichorwa kabla hizo kanuni zifike kwao, watengenezaji wakaongeza ukaguzi wa ziada baadaye, ambao nashukuru upo, lakini nao umejengwa juu ya matumizi ya wastani ya dunia, na ndege yetu inayotua kwa mawe si wastani.

Jibu lingine ni kwamba akili bandia itamaliza hii kazi, unaweka data inakuambia kipande kitakufa lini. Data gani? Programu haiwezi kujifunza kutoka kwa kiwanja ambacho hakuna sensa imewahi kutua nacho. Hata hesabu za kawaida tulizonazo zina mapengo yake, ile kanuni ya Palmgren ya 1924 na Miner ya 1945 inajumlisha uharibifu bila kujali ni mkazo gani ulitangulia, na kwenye metali halisi mpangilio una maana, pigo moja kubwa linaweza hata kupunguza mwendo wa ufa kwa muda. Kuna njia nzuri zaidi, ya Dirlik ya 1985 inachukua grafu ya mtetemo kwa kila frikwensi na kukadiria mizunguko moja kwa moja, inaenda haraka na kwa mtetemo usio na mpangilio inafanya vizuri. Lakini hata hio imejengwa kwa mtetemo unaofuata ule mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele, mapigo mengi ya kawaida na makubwa machache, na mashimo ya murram hayafuati. Zote zinaomba kitu kimoja kutoka kwako, rekodi ya mtetemo wa kweli.

Na kupima nako sitaki mtu adhani kunaona kila kitu. Helikopta za kubeba wafanyakazi wa mafuta Bahari ya Kaskazini zimekuwa na mifumo ya kufuatilia mtetemo tangu miaka ya 1990, na bado tarehe 29 Aprili 2016 helikopta moja aina ya EC225 ilipoteza rota yake kuu karibu na Bergen, Norway, watu 13 wakafa, gia ndani ya gia boksi ilikuwa imepasuka kwa uchovu na ule mfumo haukutoa onyo. Ufa mdogo ndani ya gia hautikisi mashine yote mpaka umechelewa. Kwa hivyo kile naomba hapa si kengele ya kumwambia rubani kuna ufa. Naomba kujua mzigo, ili fundi ajue aangalie wapi na mapema kiasi gani, alafu macho yake na vifaa vyake vifanye kazi yao.

Hii haihitaji pesa za shirika kubwa. Sensa za kupima mtikisiko zimekuwa rahisi kiasi kwamba kila simu mfukoni inayo moja, japo ya kazi hii lazima iwe imara zaidi, isomwe mara elfu kadhaa kwa sekunde, na ifungwe kwa njia ambayo KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, itaikubali kwenye ndege. Wanafunzi wa aeronautiki pale Technical University of Kenya wanajifunza hizi hesabu zote kwa mifano ya vitabu vya nje, na Wilson iko kilomita chache kutoka kwa darasa lao. Kampuni moja ikikubali, ndege moja, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, tungepata kitu ambacho hatuna, grafu ya kiwanja cha murram cha Kenya jinsi bawa linavyokihisi. Na kampuni zisiogope kwamba data itatumika kuwafunga, hapo KCAA ingetoa neno wazi kutoka mwanzo kwamba rekodi hizi ni za kupanga ukaguzi na hazitageuzwa kesi, bila hivo hakuna mwenye ndege atakubali, na mimi nisingemlaumu.

Ningeanza na sehemu tatu tu. Moja kwenye mguu wa gurudumu kuu, hapo ndio kiwanja kinaingia kwa ndege. Ya pili ni kipimo cha mkazo kilichobandikwa chini ya boriti ya bawa karibu na pale linashikana na mwili, kama ile Piper ilivyotufundisha. Ya tatu kwenye ukuta wa kuzuia moto nyuma ya injini, ya kukamata yale mapigo 95. Rekodi zitolewe kila ukaguzi wa masaa 100 manake siku hiyo ndege iko chini tayari na vifuniko vimefunguliwa, na kwenye logibuku, kando ya masaa, fundi aandike viwanja vilivyotumika na idadi ya kutua kwa kila kimoja. Hio ya mwisho haitaji sensa hata moja, inaweza kuanza wiki hii.